Uchovu wa rubani, na uchovu wetu wa Kolwezi

Tarehe 15 Agosti 2022 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Khartoum ilifika juu ya Addis Ababa bila kuanza kushuka. Waongoza ndege waliita kwa redio, hawakujibiwa. Ndege ilikuwa futi 37,000 juu, ikijiendesha yenyewe, ikaupita uwanja. Chombo cha kujiendesha kilipojizima, kengele ililia. Marubani wakazungusha ndege, wakatua salama dakika kama 25 baadaye. Taarifa za wakati ule zilisema wote wawili walikuwa wamelala.

Tuliposikia habari hiyo, wengi tulisema ni uzembe tu. Lakini mwili una saa yake, nayo haijali cheo wala mshahara. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi inamwambia kila mtu alale, hata yule aliyekwisha kuzoea kazi ya usiku. Utafiti uliofanywa huko Australia na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa uwezo kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Akifika saa 24, ni kama 0.10. Kuamka ghafula nako hakutoshi. Mei 2010, huko Mangalore nchini India, kapiteni wa ndege iliyotoka Dubai alilala sehemu kubwa ya safari, akaamka karibu na kutua. Akili yake ilikuwa bado nzito. Msaidizi wake alimwambia aache kutua, yeye akaendelea. Watu 158 walikufa.

Ndiyo maana kazi ya urubani imewekewa mipaka ya saa. Marekani, baada ya ajali ya Februari 2009 karibu na Buffalo iliyoua watu 50, iliweka sheria, inayotumika tangu 2014, kwamba rubani apumzike saa 10 kabla ya zamu, na ndani yake apate nafasi ya kulala saa 8. Katika safari ndefu hupanda marubani watatu au wanne, nao hulala kwa zamu. Nchi nyingine huruhusu mmoja asinzie kidogo kitini huku mwenzake akiwa macho. Na rubani anayejiona amechoka anapaswa kusema, na kukataa kuruka. Kwetu neno hilo, "nimechoka, siwezi", mwanaume akilisema anachekwa.

Sasa tutazame barabara yetu. Shoferi anapakia shaba au kobalti hapa Kolwezi, anapita Likasi na Lubumbashi, anafika Kasumbalesa, anakaa katika foleni ya mpakani akilala ndani ya kamio. Wengine wanaendelea hadi Dar es Salaam au Durban. Mara nyingi hana mwenzake wa kumpokea usukani. Ndugu zetu wa posti ya usiku katika kariere, wanaoendesha mashine kubwa kuliko nyumba zetu, wanarudi asubuhi katika nyumba yenye watoto, joto la bati na redio ya jirani. Huo si usingizi.

Na sisi wachungaji tuna sehemu yetu. Tunahubiri dhidi ya shoferi mlevi, halafu tunamsifu shoferi aliyekesha. Tulimfanyia hivyo ndugu mmoja wa parokia yetu: alisali nasi usiku kucha Ijumaa, tukampigia makofi mbele ya kanisa, alfajiri akaondoka na mzigo wake. Kabla ya Likasi kamio lilikuwa mtaroni. Alipona, ila mguu wake haujanyooka mpaka leo. Tulipomtembelea hospitalini hakutulaumu, na hilo lilituumiza zaidi.

Tumerudi kusoma habari za Eutiko katika Matendo 20. Miaka yote tumeifanya onyo kwa wanaosinzia ibadani. Lakini Luka hamkemei kijana yule. Anatuambia tu kwamba taa zilikuwa nyingi, kwamba Paulo alirefusha maneno yake hadi usiku wa manane, na kwamba kijana alilemewa na usingizi akaanguka kutoka orofa ya tatu. Eliya naye, alipoomba kufa chini ya mti, Mungu alimpa kwanza usingizi na chakula, ndipo mazungumzo yakaja baadaye.

Kwetu mkesha sasa unaisha saa sita usiku. Mwenye posti ya asubuhi au safari anaombwa abaki nyumbani, na wazee wanapita kumwombea siku nyingine. Chumba cha shule ya Jumapili kina mikeka kwa yeyote anayeona macho mazito na bado ana njia ya kwenda. Wako wanaosema kanisa letu limepoa. Ndugu yetu mwenye mguu mbovu ndiye anayekaa mlangoni, na kila shoferi anayeingia anamuuliza alilala saa ngapi.