Kwa nini mtoto wa mkulima apewe tuta lake

MTOTO wa Hasamba, wilayani Mbozi katika Mkoa wa Songwe, hukua akizungukwa na kahawa, mahindi na maharage. Hata hivyo, kuishi kando ya shamba si sawa na kuijua mimea, wala kuipenda.

Sababu ya kwanza ni mazao yenyewe. Mbuni huanza kuzaa takriban miaka mitatu baada ya kupandwa, na mavuno yake huuzwa. Mtoto husaidia kuchuma, lakini zao hilo haliingii katika sahani yake.

Sababu ya pili imo shuleni. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililotaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo na wanafunzi washiriki katika kupanga kazi zake. Miaka ilivyokwenda, katika shule nyingi nchini jembe liligeuka adhabu ya mchelewaji. Aliyelimishwa kwa kuadhibiwa ni vigumu kuupenda udongo.

Suala hili lina uzito, kwani shamba kubwa pekee halimkingi mtoto dhidi ya lishe duni. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulibaini kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, inayosifika kwa kuzalisha chakula, ndiyo iliyoongoza. Udumavu una sababu nyingi, yakiwamo maradhi, lakini mlo wa ugali usio na vyakula mchanganyiko ni mojawapo.

Hapo ndipo bustani ndogo ya nyumbani inapopata maana. Tuta la mita moja kwa mbili, lililochanganywa na samadi iliyooza vizuri, linatosha kuanzia. Samadi mbichi haifai, kwa kuwa huunguza miche.

Kwa mtoto, mchicha ndio mwalimu bora wa mwanzo. Huota ndani ya siku chache na huweza kuchumwa wiki tatu hadi nne tangu kusiwa, kabla hamu yake haijaisha.

Kwa familia za mijini kama Vwawa na Tunduma zisizo na uwanja, gunia linatosha. Hujazwa udongo na samadi, katikati ikipangwa nguzo ya mawe ili maji yafike hadi chini, kisha miche hupandwa juu na katika matundu ya ubavuni. Wakati wa kiangazi, maji yaliyooshea mboga humwagiliwa humo.

Lililo muhimu zaidi ni mamlaka. Mtoto achague mbegu mwenyewe, amwagilie mwenyewe, na akikosea asichapwe, bali apande tena. Siku atakapochuma, mboga yake ipikwe jioni hiyohiyo na nyumba nzima iambiwe imetoka kwa nani.