Kuzika au Kuchoma Maiti: Wakristo Wanasemaje?

Kila jamii ina namna yake ya kuwaaga watu waliokufa. Waislamu huuosha mwili, huuvika sanda, na huuzika upesi. Wahindu huuchoma mwili kwa moto, kisha huyatia majivu mtoni au baharini. Wakristo wa nchi zetu, kwa miaka mingi, wamezika wafu wao kaburini.

Siku hizi baadhi ya Wakristo, hasa wa mijini, husema, "Nikifa, msinizike. Uchomeni mwili wangu." Maneno haya huwashtua watu wengi. Wazee huuliza: Je, si dhambi? Mtu aliyechomwa atafufuka vipi? Padre au mchungaji atakubali kuja kumwombea?

Usidhani kwamba maswali haya ni ya watu wa mjini tu. Huenda mwanao anafanya kazi Nairobi au ng'ambo. Siku moja inaweza kuja habari kwamba amefariki, na kwamba aliacha maandishi ya kutaka mwili wake uchomwe. Ukoo usiojua lolote juu ya jambo hili unaweza kugombana mbele ya maiti. Basi yafaa tujifunze mapema, kabla ya msiba.

Somo hili halikuamuru ufuate njia gani. Linakueleza mambo yalivyo, ili uweze kuamua pamoja na wenzako.

KUCHOMA MAITI NI NINI?

Katika miji mikubwa, maiti huchomwa ndani ya tanuri maalumu. Joto la tanuri hilo ni kali sana, kama nyuzi 800 mpaka 1,000 za sentigredi. Maji ya kuchemka yana nyuzi 100 tu. Kazi huchukua saa moja na nusu hivi, au zaidi. Nyama yote huisha, ikabaki mifupa mikavu. Mifupa hiyo husagwa ikawa unga. Unga huo ndio tunaouita majivu. Majivu ya mtu mzima huwa na uzito wa kilo 2 au 3 hivi. Hutiwa katika chombo, na jamaa hukabidhiwa.

Wahindu wengi huchoma maiti kwa kuni, mahali palipotengwa kwa kazi hiyo.

KWA NINI WAKRISTO WALIZIKA TANGU ZAMANI?

Wakristo wa kwanza walikuwa Wayahudi, na Wayahudi walizika. Biblia inasimulia kwamba Ibrahimu alinunua pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha, ili amzike mkewe Sara. Yesu mwenyewe aliwekwa katika kaburi lililochongwa mwambani. Wafuasi wake wakapenda kulala kama yeye alivyolala.

Wakati huo Warumi wengi walikuwa wakichoma maiti. Wakristo waliokaa Roma hawakufuata desturi hiyo. Walizika watu wao katika mapango marefu yaliyochimbwa chini ya ardhi. Mapango hayo yapo mpaka leo, na wageni huenda kuyaona.

Walikuwa na sababu zao. Kwanza, walifundishwa kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hivyo walitaka kuuheshimu hata baada ya kufa. Pili, Mtume Paulo aliufananisha mwili na mbegu. Mkulima anajua maana yake: mbegu hufukiwa, kisha huota. Tatu, kaburi lilikuwa mahali pa kukusanyika na kusali.

Hata hivyo, Biblia haina amri iliyo wazi inayosema kwamba kila maiti lazima izikwe. Tena inasimulia habari ya mfalme Sauli. Alipouawa vitani, watu wa Yabeshi-Gileadi waliuchukua mwili wake na miili ya wanawe, wakaichoma. Kisha waliizika mifupa yao chini ya mti, wakafunga siku saba. Hawakufanya hivyo kwa dharau. Walifanya kwa heshima.

KATAZO NA RUHUSA

Kwa karne nyingi Wakristo wa Ulaya hawakuchoma maiti. Mambo yalianza kubadilika katika karne ya 19. Miji ilikua na makaburi yakajaa. Baadhi ya madaktari walisema kwamba kuchoma ni safi zaidi. Mwaka 1874 kiliundwa chama cha kutetea jambo hilo huko Uingereza. Mwaka 1885 maiti ya kwanza ilichomwa katika tanuri la Woking, Uingereza. Mwaka 1902 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuchoma maiti.

Kanisa Katoliki lilipinga. Baadhi ya watu wa Ulaya walikuwa wakichoma maiti ili kuyadhihaki mafundisho ya Kanisa juu ya ufufuo. Kwa hiyo mwaka 1886 Kanisa liliwakataza Wakatoliki kuchoma maiti. Katazo hilo lilidumu muda wa miaka 77. Mwaka 1963 Kanisa lililegeza sheria. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema hivi kwa kifupi: Kanisa linahimiza sana kuzika. Halikatazi kuchoma, ila kama mtu amechagua hivyo kwa nia ya kuyapinga mafundisho ya Kikristo.

MAKANISA YANASEMAJE LEO?

Makanisa ya Kikristo hayasemi neno moja.

Kanisa Katoliki linaruhusu kuchoma, lakini linapenda zaidi kuzika. Mwaka 2016 lilitoa maelezo juu ya majivu. Majivu yawekwe mahali patakatifu, kama makaburini au kanisani. Yasimwagwe hewani, ardhini wala baharini. Jamaa wasigawane. Yasiwekwe nyumbani kama pambo. Mwaka 2023 Kanisa liliongeza kwamba, familia ikiomba, viongozi wanaweza kufikiria kuruhusu sehemu ndogo sana ya majivu iwekwe mahali palipokuwa na maana kwa marehemu.

Kanisa la Kiorthodoksi linakataa kuchoma. Huko Ugiriki, ambako Waorthodoksi ni wengi, tanuri la kwanza lilianza kazi mwaka 2019 tu.

Waanglikana na Waprotestanti wengi wanaliacha jambo hili kwa dhamiri ya mtu na jamaa zake. William Temple, Askofu Mkuu wa Canterbury, alichomwa mwaka 1944. Lakini wako wachungaji na waumini wasioafiki. Basi ukitaka kujua msimamo wa kanisa lako, muulize kiongozi wako mwenyewe.

Hata hapa Afrika Mashariki wako Wakristo mashuhuri waliochagua moto. Manasses Kuria alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana nchini Kenya. Mke wake alichomwa mwaka 2002, naye mwenyewe mwaka 2005. Watu wengi walishangaa, wakabishana. Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa miti, alifariki mwaka 2011. Hakutaka mti ukatwe ili yeye apate jeneza. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, na mwili wake ulichomwa Nairobi.

JE, ALIYECHOMWA ATAFUFUKA?

Hili ndilo swali linalowasumbua wengi. Tulitazame taratibu.

Mwili uliozikwa haubaki kama ulivyokuwa. Miaka ikipita, nao huwa udongo. Moto hufanya kwa saa chache kazi ambayo ardhi huifanya kwa miaka mingi. Tena wako waumini waliozama ziwani, na wengine waliliwa na simba. Hao hawana kaburi.

Tazama mfano wa jirani zetu wa Uganda. Tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na vijana wenzake walichomwa moto huko Namugongo kwa sababu ya imani yao. Walikuwamo Wakatoliki na Waanglikana. Leo Wakristo huwakumbuka kila mwaka kwa heshima kubwa. Hakuna anayesema kwamba hawatafufuka kwa kuwa waliteketea.

Kwa hiyo makanisa yanayoruhusu kuchoma hufundisha kwamba Mungu aliyemuumba mtu kwa mavumbi hashindwi na majivu. Wanaopendelea kuzika nao hawakani uwezo wa Mungu. Wao husema kwamba kuzika kunaonyesha imani hiyo wazi zaidi, kwa kuwa maiti hulazwa kama mtu anayengoja kuamshwa.

TUSICHANGANYE DINI NA MILA

Mara nyingi tunapolipinga jambo, tunadhani ni dini inayopinga, kumbe ni mila. Kwetu kaburi lina kazi nyingi. Linawaonyesha wajukuu asili yao. Linaufunga ukoo na shamba lake. Hata katika kesi za ardhi, wazee huonyesha makaburi ya babu zao. Ukoo usiokuwa na kaburi la mtu wake huona kama umemtupa.

Sababu hizi ni nzito, wala si za kudharauliwa. Lakini tuziite kwa jina lake: ni sababu za mila. Tena majivu nayo yanaweza kuzikwa shambani kwa babu, yakawekewa msalaba na jina.

Liko jambo jingine la kukumbuka. Watu wakishuku kwamba marehemu aliuawa, mahakama inaweza kuamuru kaburi lifukuliwe, na daktari akachunguza. Mwili uliochomwa hauwezi kuchunguzwa hivyo. Kwa hiyo kabla ya kuchoma, sababu ya kifo lazima ijulikane vizuri. Wala mtu asijaribu kuchoma maiti kijijini kwa kuni zake. Kazi hiyo ina mahali pake na taratibu zake za serikali.

SEMA MAPEMA, ANDIKA MAPEMA

Nchini Kenya, wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo ulitaka azikwe kwao Nyalgunga, Siaya. Walishtakiana. Mahakama iliamua kwa upande wa ukoo, na mazishi yakafanyika Mei 1987. Maiti ilikaa miezi mitano bila kuzikwa. Hapo hapakuwa na ugomvi wa moto. Ulikuwa ugomvi wa mahali pa kaburi tu. Je, ingekuwaje kama mmoja angetaka kuchoma?

Basi wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, itumie elimu yako. Fanya hivi:

1. Zungumza na mwenzi wako na watoto wako ungali mzima. Kutaja kifo si kukiita.

2. Muulize padre, mchungaji au kiongozi wako wa dini.

3. Waambie wazee wa ukoo, nao wakueleze hofu yao.

4. Andika unavyotaka, kwa maneno machache yaliyo wazi. Tia tarehe na sahihi. Wawepo mashahidi wanaojua kusoma, wa ukoo na wasio wa ukoo.

5. Karatasi iwekwe mahali panapojulikana. Wosia uliofichwa hupatikana baada ya matanga.

Karatasi peke yake haitoshi. Hata wosia mzuri unaweza kupingwa na watu wasioshauriwa. Lakini mkikubaliana mapema, siku ya msiba mtapata nafasi ya kulia pamoja badala ya kugombana.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Kwa nini Wakristo wa kwanza walizika wafu wao?

2. Kanisa Katoliki lilikataza kuchoma maiti mwaka gani? Lililegeza mwaka gani?

3. Taja sababu moja ya dini na sababu moja ya mila zinazowafanya watu wa kijiji chako wazike.

4. Mwana amefariki mbali, na majivu yake yameletwa nyumbani. Mama yake anataka mazishi ya kanisani. Baba mdogo hataki kuyaona. Kikundi chenu kingewashauri nini?