Hati Moja, Njia Nyingi

Ofisi inayotunza nyaraka zake kwenye intaneti husumbuliwa zaidi na nakala zilizozagaa kuliko na faili zilizopotea. Mhasibu ana bajeti yake, meneja ana yake, na siku ya kikao hakuna ajuaye ipi ndiyo sahihi. Chanzo ni kwamba hati moja huhusu kazi zaidi ya moja: mkataba wa pango unahitajika kwenye folda ya sheria na kwenye folda ya mapato. Ukiunakili, umezaa mikataba miwili ambayo itatofautiana mara tu mmoja utakaporekebishwa. Dawa yake ni njia ya mkato, yaani kiungo kinachokaa ndani ya folda yako na kukufikisha kwenye hati au folda halisi, popote ilipo.

Google Drive ilifuata mkondo huo. Zamani faili moja iliweza kuwekwa ndani ya folda kadhaa kwa pamoja. Kwa kuwa kila folda hurithisha ruhusa zake, ikawa vigumu kujua ni nani hasa anaiona faili hiyo. Tangu tarehe 30 Septemba 2020, faili huwekwa mahali pamoja tu, na kwingine kote inawekewa njia ya mkato. Ukihariri hati kupitia njia yoyote, wenzako wanaona mabadiliko yaleyale. Ukiifuta njia ya mkato, hati yenyewe inabaki salama.

Wapo wasemao kwamba kisanduku cha kutafutia kinatosha. Kinamtosha anayejua jina la anachokitafuta. Mfanyakazi mgeni halijui, naye huongozwa na mpangilio wa folda. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba njia ya mkato huweza kumpoteza mtu. Akiibofya, huhamia kwenye folda halisi, na huenda asijue namna ya kurudi alikotoka. Tena, njia ya mkato haibebi ruhusa: asiyeruhusiwa kuiona hati atakwama mlangoni. Hata hivyo, kasoro hizi zinatibika. Mwenye folda atoe ruhusa kwanza ndipo aweke njia ya mkato, na watengenezaji wa programu waonyeshe wazi mtumiaji yuko wapi na ametokea wapi. Nakala zikishatofautiana, kinyume chake, lazima mtu akae azilinganishe mstari kwa mstari, na wakati huo huenda uamuzi umeshafanywa kwa takwimu zisizo sahihi. Usumbufu wa kutafuta njia ya kurudi ni mdogo kuliko hasara hiyo.