Je, Wajua? Tumbo Lasifiwa, Utumbo Wafanya Kazi

Ukila ukashiba, mwili bado haujapata kitu. Tumbo hupokea na kuvuruga tu. Kuingiza chakula kwenye damu ni kazi ya utumbo mwembamba. Je, wajua kwamba…

• Wembamba wake ni wa upana tu, sentimita 2.5 hivi? Kwa urefu, utumbo mpana una mita 1.5, ilhali mwembamba hufikia mita 6 ukinyooshwa nje ya mwili. Ndani ya mtu aliye hai huwa mfupi zaidi, kwa kuwa misuli yake imejikaza.

• Karibu urefu wote huo unaning'inia kwenye utando mmoja, ulioshikamana na ukuta wa nyuma wa fumbatio kwa mstari wa sentimita 15 tu?

• Sehemu zake tatu, duodeni, jejunamu na ileamu, zina zamu zake? Madini ya chuma hufyonzwa zaidi kwenye duodeni. Vitamini B12 husubiri hadi mwisho wa ileamu. Aliyekatwa kipande hicho cha mwisho huenda akachomwa sindano za B12 maisha yake yote.

• Chakula kikishuka na asidi ya tumboni, utumbo wenyewe ndio huliita kongosho lilete maji ya kuizima? Mwaka 1902, mjini London, William Bayliss na Ernest Starling waliikata mishipa ya fahamu ya kipande cha utumbo wa mbwa, kisha wakakitilia asidi. Kongosho likachuruzika vilevile: ujumbe ulikuwa umepita kwenye damu. Kemikali iliyoubeba, sekretini, ndiyo iliyofungua mlango wa elimu ya homoni.

• Hadithi ya uwanja wa tenisi imetiwa chumvi? Vitabu vingi hudai utando wa ndani ukitandazwa utaujaza uwanja huo. Mwaka 2014 Herbert Helander na Lars Fändriks wa Sweden walipima upya, wakapata mita za mraba 30 hivi. Hata hizo si haba. Hutokana na mikunjo, na juu ya mikunjo vijidole visivyozidi milimita 1, na juu ya vijidole vinyweleo visivyoonekana ila kwa darubini.

• Seli za utando huo hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5?

• Mngurumo wa njaa si wa tumbo peke yake? Usipokula kwa muda, kila dakika 90 hadi 120 huja wimbi la misuli linalonguruma likifagia masalia kutoka tumboni hadi mwisho wa utumbo mwembamba. Ukitafunatafuna kila saa, ufagio haupiti.

• Watu wazima wengi duniani utumbo wao umeacha kutengeneza kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa? Wakinywa maziwa, tumbo hujaa gesi. Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff ilionyesha kwamba baadhi ya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan wana mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kuendelea kuyamudu, na si yale ya Wazungu. Mtindi huwasumbua wengine kidogo tu: bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo.

• Homa ya matumbo imepewa jina mahali pake? Bakteria wake hujipenyeza kwenye vituo vya kinga vya ileamu. Isipotibiwa, ukuta waweza kutoboka, mara nyingi wiki ya tatu.

• Minyoo wa safura huingilia kwenye ngozi ya miguu pekupeku, hupita mapafuni, humezwa pamoja na kohozi, kisha hung'ata ukuta wa utumbo mwembamba na kunyonya damu?

• Kipindupindu hakiuchani utumbo? Sumu yake huufanya umwage maji. Mgonjwa mahututi aweza kupoteza lita nzima kwa saa. Lakini mlango mmoja hubaki wazi: glukosi ikiingia kwenye seli huingia pamoja na chumvi, na maji hufuata. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipojaa upande wa India na dripu zikawa hazitoshi, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha mchanganyiko wa glukosi na chumvi. Vifo kambini vikashuka hadi chini ya asilimia 4.

• Pakiti ya ORS, yaani mchanganyiko huo wa glukosi na chumvi, ikikosekana, mlango huohuo hufunguliwa kwa vitu vya jikoni? Lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kujaza pomoni. Onja kwanza: isizidi chumvi ya machozi. Mtoto akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea kumnywesha kidogo kidogo huku mkienda zahanati.