Kwa Nini Tulisimamisha Mashindano: Triatloni, Upepo na Radi



Tangu ile Jumamosi ya mashindano, wengi wananiita "kapita mwoga". Kuko hata mmoja aliyeandika vile kwenye ubao wa kalasi yetu, kwa chaki, na mwandiko wake ninaujua. Sikukasirika sana. Lakini nimeomba fasi katika gazeti letu nieleze maneno haya vizuri, kwa sababu mchezo wenyewe wengi hawaujui bado.

Triatloni ni mchezo wa mambo matatu yanayofuatana bila kupumzika: kuogelea, kupanda kinga, na kukimbia. Saa haisimami. Hata wakati unapovaa viatu, dakika zinahesabiwa. Sisi tulipanga kidogo tu: metre 400 ziwani, kilometa 20 kwa kinga, kilometa 5 za mbio. Wenye kuanzisha ile kubwa walipanga mambo ya kutisha.

Ilikuwa Hawaii, visiwa vya Marekani katika bahari ya Pasifiki. Mwaka 1977 wanamichezo walikuwa wanabishana ni nani mwenye nguvu zaidi: mwenye kuogelea, mwenye kukimbia, ao mwenye kinga. Mmoja akataja Eddy Merckx, yule Mubelgiji ambaye wazee wetu wanamjua sana. Afisa mmoja wa jeshi la maji, John Collins, akasema: basi tuunganishe mashindano matatu ya hapa kisiwani Oahu, tutaona. Njo kusema kilometa 3.8 baharini, kilometa 180 kwa kinga, halafu kilometa 42 za mbio, yote siku moja. Mwezi wa pili 1978 watu 15 walianza na 12 walimaliza. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia karibu saa 12.

Sasa sikilizeni mwaka wa pili, 1979, maana hapo njo neno langu liko. Watu kama 50 walikuwa wanataka kushindana. Siku ilipofika, Jumamosi, dhoruba ikaja: upepo mkali na bahari yenye mawimbi makubwa. Je, Collins alisema "twende tu, sisi ni wanaume"? Hapana. Aliahirisha mpaka kesho yake, tarehe 14 ya mwezi wa kwanza. Na hata siku ile upepo ulikuwa haujaisha. Waliobaki kuanza walikuwa 15 tu. Wengine wote waliangalia maji, wakakataa. Tom Warren, mwenye baa katika mji wa San Diego, alishinda kwa saa 11 na dakika 15. Na katika wale 15 alikuwamo mwanamke mmoja tu, Lyn Lemaire, bingwa wa kinga. Alifika wa tano. Wale wa kalasi ya nne wanaosema dada zetu hawawezi, wasome tena mstari huu.

Mwaka 1980 bahari ilichafuka tena. Safari hii hawakungoja: walihamisha kuogelea, wakakupeleka katika mfereji wenye maji matulivu nyuma ya mawe. Kwa hiyo wale watu wanaoitwa "watu wa chuma" waliahirisha mara moja, wakahamisha mara ya pili. Hakuna aliyewaita waoga.

Nieleze sasa ni nini upepo unafanya.

Ziwani, upepo unasukuma maji. Kadiri unavyovuma kwa muda mrefu na juu ya maji marefu, mawimbi yanakua. Ziwa letu ni refu, kwa hiyo upepo unaotoka kusini unapata njia ndefu ya kuyakuza. Wavuvi wanajua hiyo kuliko sisi wenye vitabu. Mtu anayeogelea anavuta pumzi pembeni. Wimbi likitoka upande ule ule, anameza maji badala ya hewa. Mwenye ujuzi anageuza kichwa upande mwingine. Lakini ni wangapi kwetu wanaweza kuvuta pumzi pande mbili? Mimi siwezi. Tena ukiwa kati ya mawimbi mawili hauoni alama ya kugeukia, na yule wa mtumbwi haoni kichwa chako. Mwaka 2012, katika jimbo la Utah kule Marekani, watu walianza kuogelea asubuhi katika ziwa lililotulia. Wakiwa ndani, upepo ukaamka ghafula na mawimbi yakainuka. Watu wengi sana walitolewa majini kwa mashua. Na wale walikuwa na mashua nyingi. Sisi tulikuwa na mtumbwi mmoja.

Kwenye kinga, tufanye hesabu. Unakwenda kilometa 30 kwa saa na upepo unakuja mbele yako na kilometa 30: mwili wako unapigwa na hewa ya 60. Nguvu ya hewa haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Wengine wanasema, "Hakuna shida, kurudi upepo utatusukuma." Kumbe hesabu haikubali. Bila upepo, kilometa 20 kwenda na 20 kurudi, kwa mwendo wa 30, ni saa moja na dakika 20. Na upepo, tuseme unakwenda na 15 na kurudi na 40: kwenda saa moja na dakika 20, kurudi dakika 30. Jumla saa moja na dakika 50. Sababu ni kwamba katika upepo mbaya unakaa muda mrefu zaidi.

Lakini ule wa mbele unachosha tu. Wa pembeni njo wa kuogopa, maana unashika gurudumu la mbele na kukutupa katikati ya barabara, kwenye malori. Mashindano ya Hawaii yalihamia kisiwa kikubwa, kule Kona, mwaka 1981, na kule upepo wa pembeni ni mkali mpaka waliwahi kukataza magurudumu yaliyozibwa yote kama sahani. Na mvua ikinyesha, freni za kinga zetu hazishiki mara moja. Mpira unafuta maji kwanza, halafu njo unashika. Kwenye mteremko wa soko, kabla ya "halafu" umekwisha kufika chini.

Mwisho, radi. Mwangaza tunauona palepale, sauti inatembea metre 340 kwa sekunde. Kwa hiyo sekunde tatu ni karibu kilometa moja. Ile Jumamosi nilihesabu sekunde 21 kati ya mwangaza na ngurumo: kilometa 7. Kanuni ya wanamichezo ni kwamba chini ya sekunde 30 mtu yeyote asiwe majini wala uwanjani, na wangoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Si chini ya muti, bali ndani ya nyumba ya kweli. Nilimwambia mwalimu wa sipori, naye akapuliza filimbi.

Sasa ukweli wote: mvua haikunyesha. Ilipita upande mwingine wa ziwa, na jua likatoka wakati tunarudisha kinga za watu. Njo kicheko kilianza pale. "Kapita, mvua haiue mutu!" Kama wingu lile lile lingekuja leo, na sekunde ni 21, ningeomba filimbi tena. Wingu halikuniambia litapita wapi.

Tutashindana Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa moja asubuhi, maana mvua za huku zinapenda kuja mchana. Tunatafuta mitumbwi mitatu na kinga mbili zenye freni nzuri. Wasiojua kuogelea metre 400 watafanya kinga na mbio tu, na majina yao yatahesabiwa. Majina yaletwe kwangu mbele ya Alhamisi. Yule wa chaki pia aje, ninamngoja.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya sita