Mapenzi Mbele ya Mashine ya Uongo

Kazi yangu ni usomo. Binti akichumbiwa Ngamiani au Chumbageni hapa Tanga, mamake hunitafuta nikae na mwali, na ndoa ikishafungwa mimi ndiye ninayepigiwa simu usiku wakikwaruzana. Kwa hiyo binti wa kaka yangu aliponiwekea kipindi cha Kihispania cha mapenzi na mashine ya uongo, nilikitazama kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwingine.

Kwao kinaitwa Amor con fianza. Netflix walikitoa mwaka 2021, na nje ya Hispania kikajulikana kwa jina la Love Never Lies. Anayekiendesha ni mwimbaji Mónica Naranjo, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha ambaye mwaka 2020 alikwisha kuongoza kipindi kingine cha kujaribu uaminifu wa wapenzi. Wapenzi wenyewe ni jozi sita. Kila mmoja hukaa peke yake mbele ya skrini akajibu maswali kuhusu mapenzi yake, kisha majibu yanaanikwa mwenzake akiwa pale pale: swali, jibu, halafu neno moja, kweli au uongo. Ukisema kweli, fedha za zawadi zinaongezeka. Ukidanganya, zinapungua.

Ujanja wote umo humo. Mwanamke anasikia mumewe mtarajiwa amekiri kumtamani mwingine, na wakati huo huo anaona hesabu imepanda. Alie au ashangilie? Wengine nyuso zao zilifanya yote mawili kwa pamoja, na hapo nilimwambia binti asimamishe picha tuwatazame vizuri.

Mashine yenyewe haina nyaya. Inaitwa EyeDetect, imetengenezwa na kampuni ya Converus ya Utah, Marekani, kutokana na utafiti wa wanasaikolojia John Kircher na David Raskin wa chuo kikuu cha huko, na iliingia sokoni mwaka 2014. Kamera inafuatilia macho mtu anapojibu: mboni imetanuka kiasi gani, anapepesa vipi, amechukua muda gani kusoma. Wazo lao ni kwamba kudanganya ni kazi ya akili. Lazima ushike ukweli mkononi, utunge kisicho kweli, na ukumbuke usijikanyage. Ubongo ukielemewa, mboni inatanuka kwa kiasi kidogo sana ambacho jicho la kawaida halioni.

Ile ya zamani, poligrafu, inafuata njia nyingine: inapima pumzi, msukumo wa damu na jasho la vidole. Yaani inapima wasiwasi. India na China ya kale walimtafunisha mtuhumiwa mchele mkavu. Mate yakimkauka kwa hofu, basi ndiye. Poligrafu ni mchele ule ule uliotiwa umeme. Aldrich Ames, afisa wa CIA aliyekuwa akiwauzia Warusi siri, alipimwa mwaka 1986 na tena mwaka 1991, akapita mara zote mbili. Alikamatwa mwaka 1994.

Tena msidhani ndoa ya mashine hii na maonyesho ni jambo jipya. William Marston, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuhusisha msukumo wa damu na uongo, alikataliwa na mahakama ya Washington mwaka 1923 alipotaka kumtetea mtuhumiwa kwa kipimo chake. Miaka mitano baadaye alikuwa kwenye ukumbi wa sinema New York, amewafunga wacheza dansi mikanda ya kupimia damu na kuwaonyesha filamu ya mapenzi, waandishi wa habari wamealikwa, eti apime nani anasisimka zaidi: wenye nywele za rangi ya dhahabu au wenye nyeusi. Huyo huyo ndiye aliyemtunga Wonder Woman, yule mwenye kamba inayomlazimisha mtu kusema kweli. Mahakama ilimkataa, jukwaa likampokea kwa mikono miwili.

Sasa tufanye hesabu. Converus wenyewe wametangaza usahihi wa asilimia 86. Tuwakubalie. Katika majibu 100, kama 14 yamehukumiwa vibaya. Ukiajiri mlinzi, labda utasema si haba. Lakini mchumba aliyesema kweli mbele ya watu akaambiwa mwongo, na mwenzake akamwamini Mónica kuliko yeye, atakata rufaa wapi? Kipindi hakina baraza la wazee.

Mimi lakini kinachonisumbua zaidi ni swali. "Umewahi kumdanganya mpenzi wako?" Mmoja akisikia hivyo anakumbuka hawara. Mwingine anakumbuka deni la kikoba alilolificha. Wa tatu anakumbuka siku aliposifia biriani la mama mkwe. Mboni za wote watatu zinaweza kutanuka, na mashine haijui nani anakumbuka nini. Mume akija kwangu na shutuma, sianzi na ndiyo au hapana. Namuuliza jana walikula nini, walikula pamoja, na nani alinyanyuka kwanza. Mara nyingi jambo lenyewe linatoka kabla hatujamaliza sahani.

Halafu kuna Hadithi ya Mtume iliyosimuliwa na Ummu Kulthum, ambayo wengi tuliopita chuoni tumeisikia, kuhusu maneno yasiyo kweli yanayovumiliwa: vitani, katika kupatanisha watu, na kati ya mume na mke. Wanazuoni wameiwekea mipaka, si ruhusa ya kudhulumu haki ya mwenzio. Lakini mke anayemwambia mumewe aliyefukuzwa kazi kwamba hana wasiwasi hata kidogo, kwa Wahispania hawa angekatwa fedha.

Na kuna waliokatwa zaidi ya fedha. Uingereza, The Jeremy Kyle Show ilirushwa na ITV tangu mwaka 2005, na poligrafu kwa wapenzi wanaoshukiana ilikuwa chakula chake cha kila siku. Mei 2019 mwanamume wa miaka 63 aliambiwa ukumbini kuwa kipimo kimemwonyesha mwongo kuhusu uaminifu wake kwa mchumba. Siku chache baada ya kurekodi alikutwa amekufa. ITV wakakifuta kipindi. Mwaka 2024 uchunguzi wa kifo ulihitimisha kwamba hakuna uhusiano wa wazi kati ya kipindi na kifo hicho. Wabunge nao, mwezi mmoja baada ya msiba, waliwaita watayarishaji na kuwauliza kipimo chao kina usahihi kiasi gani. Hawakuweza kutaja kiwango. Walikuwa wamewatangazia watu matokeo yake kwa miaka.

Miaka miwili baada ya msiba huo EyeDetect ilikuwa kazini Hispania, na mwaka 2023 Wapoland wakatoa toleo lao la Love Never Lies.