Ubingwa haulipi bili ya barafu

Timu ya wanawake ya hoki ya barafuni ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, ilicheza mechi 41 katika msimu wa 2024–25. Ilishinda 38, ikatoka sare mbili na kufungwa moja tu, ugenini kwa Ohio State. Machi 23, 2025 ilitwaa ubingwa wa taifa wa vyuo kwa mara ya nane, idadi ambayo hakuna chuo kingine kimeifikia tangu chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilipoanzisha mashindano hayo mwaka 2001. Kampuni yenye matokeo ya namna hiyo ingekuwa inawagawia wanahisa gawio. Katika hoki ya wanawake ya vyuo, msimu kama huo hautikisi sana vitabu vya hesabu, kwa sababu anayeshinda barafuni na anayeilipia barafu ni watu wawili tofauti.

Tuanze na barafu yenyewe, maana ndiyo inayoufanya mchezo huu uwe ghali kabla hata mchezaji hajafunga kamba za viatu. Uwanja rasmi wa Amerika Kaskazini una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Chini ya barafu isiyozidi sana sentimita tatu kuna sakafu ya zege iliyolazwa mabomba, na ndani ya mabomba hayo maji ya chumvi au glaikoli yenye ubaridi mkali huzunguka usiku na mchana. Mechi iwepo isiwepo, mita ya umeme inahesabu. Kati ya kipindi na kipindi mashine hupita ikikwangua uso uliochimbika na kumwaga maji ya moto, ambayo huganda kwa ulaini kuliko ya baridi. Juu ya hapo weka vifaa: gongo moja la kisasa la kaboni linaweza kupita dola 300, na huweza kukatika vipande viwili kwa shuti moja. Wenzetu wa Nairobi wanaijua hesabu hii kwa kiwango chao. Uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, kwenye Barabara ya Mombasa, umekuwepo tangu 2005, ni mdogo kuliko vipimo rasmi, na ndiko ilikokulia timu ya Kenya Ice Lions hadi Kenya ikapokewa katika shirikisho la dunia la hoki ya barafuni mwaka 2024. Mapenzi ya mchezo hayakupungua hata siku moja. Kilichokuwa haba ni saa za kutumia barafu.

Gharama ya pili ni barabara. Wisconsin wanacheza katika ligi ya WCHA yenye vyuo vinane, na kila timu hukutana na mwenzake mara nne, jumla mechi 28 za ligi. Mechi hizo hupangwa mbilimbili, Ijumaa na Jumamosi, mji uleule na mpinzani yuleyule. Mgeni huudhika kuona timu zilezile zinarudiana kesho yake, lakini mhasibu anafurahi: safari moja, hoteli moja, mechi mbili. Ukitoka Madison, mji wa chuo cha Wisconsin, kwenda kwa wapinzani wa Bemidji, kaskazini mwa Minnesota, ni zaidi ya kilomita 700, na hakuna bajeti ya chuo ya mchezo huu inayotaka kuikata njia hiyo mara nne kwa msimu.

Upande wa mapato, mambo ni membamba. Wisconsin wana bahati ya kuwa na nyumba yao, LaBahn Arena, iliyofunguliwa 2012 na yenye viti 2,273. Ni miongoni mwa viwanja vichache sana nchini humo vilivyojengwa kwa ajili ya hoki ya wanawake. Jirani zao wa Minnesota ndio waliotangulia, walipofungua Ridder Arena mwaka 2002. Hata ukijaza viti vyote kila wikendi, tiketi elfu mbili na ushee za mchezo wa vyuo haziwezi kubeba makocha, madaktari, mabasi, hoteli na ufadhili wa masomo. Na ufadhili si kitu kidogo: ada peke yake ya mwanafunzi wa Wisconsin anayetoka nje ya jimbo ilizidi dola 40,000 kwa mwaka huo wa masomo, kabla ya chakula na malazi. Watu wapo, hilo lisisemwe vinginevyo. Januari 2017 chuo hicho kiliihamishia mechi moja ya wanawake Kohl Center, ukumbi mkubwa wa jirani, wakaingia watazamaji 15,359. Lakini hilo lilikuwa tukio la kutangaza mchezo, na halirudiwi kila wiki.

Bidhaa yenyewe ni nzuri kiasi gani? Fainali ya 2025, iliyochezwa Ridder Arena mjini Minneapolis, inatosha kujibu. Ohio State wanaongoza 3–2, zimebaki sekunde zisizofika ishirini. Kwenye patashika mbele ya lango, kocha wa Wisconsin Mark Johnson anaomba waamuzi waangalie video, akidai mchezaji wa Ohio State amekifunika kwa mkono kile kisahani cha mpira ndani ya eneo la kipa. Waamuzi wanarudi na jibu: penalti. Kirsten Simms anatoka katikati ya uwanja peke yake, kipa peke yake mbele yake, saa imesimama kwenye sekunde 18.9. Anafunga. Muda wa nyongeza haujafika dakika ya tatu, Simms huyohuyo anafunga tena, 4–3. Johnson, aliyefunga mabao mawili Marekani ilipowaangusha Wasovieti kwenye Olimpiki ya 1980, alikuwa ameona mengi, lakini si mengi ya namna hiyo.

Fainali hiyo ilioneshwa na ESPNU, chaneli ya pembeni. Haki zake zimo ndani ya mkataba ambao NCAA iliusaini na ESPN Januari 2024: dola milioni 920 kwa miaka minane, kwa mashindano 40 kwa mkupuo mmoja. Zaidi ya nusu ya thamani hiyo ilikadiriwa kuwa ni ya kikapu cha wanawake. Hoki ya wanawake imo katika kinachobaki, pamoja na michezo mingine kadhaa, kwa hiyo hata mechi ya kusisimua kiasi gani haina bei yake yenyewe sokoni. Haiuzwi peke yake.

Basi nani analipa? Kwa kiasi kikubwa ni futiboli ya Kimarekani, ikisukumwa na sheria. Wisconsin ni mwanachama wa Big Ten, umoja wa vyuo ambao mwaka 2022 ulisaini mikataba ya televisheni ya zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba. Fedha hizo zinatokana na futiboli hasa, kisha kikapu cha wanaume. Sheria ya mwaka 1972 ijulikanayo kama Title IX ndiyo inayozifanya zisiishie hukohuko: chuo kinachopokea fedha za serikali kuu hakiruhusiwi kubagua kwa jinsia, na nafasi za michezo zimo. Kikosi cha futiboli kinameza wanaume mia na zaidi, hivyo lazima upande wa wanawake upate nafasi za kuukaribia mzani. Hoki, yenye kikosi kikubwa kiasi, ni njia mojawapo. Wisconsin yenyewe ilifuta michezo mitano mwaka 1991 kwa sababu ya madeni na hesabu za usawa wa kijinsia, besiboli ikiwemo, na hadi leo ndicho chuo pekee cha Big Ten kisicho na timu ya besiboli. Timu ya hoki ya wanawake ikaanza kucheza mwaka 1999.

Mfumo huu umewapa wanawake wa Amerika Kaskazini zaidi ya timu 40 za daraja la juu la vyuo, na zaidi ya wachezaji elfu moja. Una tatizo moja kubwa: timu inaishi kwa uamuzi wa ofisi ambayo haijali sana imeshinda ngapi. Machi 28, 2017 wachezaji wa timu ya taifa ya wanawake ya Marekani, baada ya kutishia kususia mashindano ya dunia, walikubaliana na chama chao juu ya malipo bora. Kesho yake, Machi 29, Chuo Kikuu cha North Dakota kilitangaza kuifuta timu yake ya wanawake ya hoki kwa sababu jimbo limekata bajeti. Chuo hicho kina uwanja wa hoki uliojengwa kwa zaidi ya dola milioni 100. Miezi kumi na moja baadaye, kwenye fainali ya Olimpiki ya Pyeongchang, Monique Lamoureux-Morando alisawazisha na pacha wake Jocelyne akapiga penalti iliyoipa Marekani dhahabu. Wote wawili ni zao la North Dakota. Timu yao ya chuo haijarudi.

Robert Morris, chuo kidogo karibu na Pittsburgh, kilifanya vivyo hivyo Mei 2021, miezi miwili tu baada ya wanawake wake kutwaa ubingwa wa ligi yao. Pale mambo yalikwenda tofauti. Wahitimu, wazazi na wafanyabiashara wa mji walichanga, na timu ikarudi barafuni msimu wa 2023–24. Mimi huiona Robert Morris kuwa mfano wa maana kuliko Wisconsin kwa anayetaka kujua thamani halisi ya mchezo huu, kwa sababu ni miongoni mwa mahali pachache ambapo watu waliulizwa moja kwa moja watatoa kiasi gani, wakajibu kwa hundi.

Upande wa pili wa sekta, soko la ajira, umebadilika haraka zaidi. Kwa miaka mingi mchezaji bora wa chuo alikuwa akihitimu na kukuta ligi inayoyumba: CWHL ilifunga mwaka 2019, PHF ikanunuliwa na kuvunjwa 2023. Aliyenunua, kundi la Mark Walter, mmiliki mkuu wa Los Angeles Dodgers, alianzisha ligi mpya, PWHL, na mechi yake ya kwanza ikachezwa Januari 1, 2024. Mkataba wa wachezaji uliweka mshahara wa chini wa dola 35,000 kwa msimu wa kwanza, na wastani wa dola 55,000. Wanaume wa ligi ya NHL wakati huo walikuwa hawapokei chini ya dola 775,000. Hata hivyo ni mshahara unaojulikana tarehe yake, na Aprili 2024 mechi moja mjini Montreal iliingiza watazamaji 21,105.

Shida ni nafasi. Timu sita za mwanzo, wachezaji 23 kila moja, ni ajira 138. Seattle na Vancouver zilipoongezwa kwa msimu wa 2025–26 zikawa 184. Casey O'Brien, nahodha wa Wisconsin aliyemaliza msimu wa ubingwa na pointi 88 na tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, alichaguliwa wa tatu na New York kwenye usajili wa Juni 2025. Wengi waliocheza naye hawatalipwa kamwe kwa kuteleza.

Vyuoni nako kanuni za malipo zilibadilika. Juni 6, 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi ya House dhidi ya NCAA, na kuanzia msimu wa 2025–26 chuo kimeruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake, hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Kwa hoki ya wanawake suluhu hiyo ina pande mbili. Kikomo cha zamani cha ufadhili 18 kwa timu kimeondolewa, na badala yake kuna kikomo cha wachezaji 26 ambao wote wanaweza kufadhiliwa. Lakini zile milioni ishirini na nusu zinatoka katika kapu lilelile lililokuwa likilipia mabasi ya kwenda Bemidji, na vyuo vikubwa vingi vimezielekeza zaidi kwa futiboli na kikapu cha wanaume. Vyuo vya Ivy League vimejitoa kabisa. Vyuo hivyo havitoi ufadhili wa michezo, na bado Cornell ilicheza nusu fainali ya 2025, na Princeton ilimtoa Sarah Fillier, chaguo la kwanza la PWHL mwaka 2024.

Wakati wengine wakipunguza, Chuo Kikuu cha Delaware kimeongeza. Kilipoamua kuipandisha futiboli yake daraja la juu, ambako ufadhili wa wanaume ungeweza kupanda kutoka 63 hadi 85, mizani ya Title IX ililazimika kusawazishwa upande wa pili. Uwanja wa barafu tayari walikuwa nao, Fred Rust Ice Arena, uliojulikana zaidi kwa wacheza dansi wa barafuni. Timu yao ya wanawake ya hoki iliingia ligi msimu wa 2025–26.